Kiboksi Baada ya Bastola

Kufika Ijumaa mchana, Inspekta Urbanus Komba alikuwa na mtuhumiwa mahabusu, begi la vielelezo na simu mbili. Aliyekosekana ni mtu mwenyewe aliyekuwa akitafutwa.

Restituta alikuwa mkalimani. Tangu Warundi walipoanza kumiminika Kagunga mwaka juzi na kuletwa Kigoma kwa meli, yeye ndiye aliyekaa mezani kati yao na maofisa, akigeuza Kirundi kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kirundi. Kazi hiyo haikumpa taabu, kwa kuwa alizaliwa Kasulu na Kiha chake kilikuwa jirani kabisa na lugha yao. Alipanga chumba Rusimbi kwa mama mmoja aitwaye Mwamvua. Alhamisi alfajiri alitoka na mwanamume mgeni, akaiacha simu yake kwenye chaji, na mpaka sasa hakuwa amerudi.

Mama Mwamvua alikuwa ameketi kwenye benchi la kaunta tangu asubuhi. Urbanus alimfuata, akaketi kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemwona?"

"Bado. Naomba unieleze tena habari ya simu."

"Nimekwisha mweleza yule kijana wako."

"Yeye ulimweleza. Mimi bado."

Mama Mwamvua alivuta pumzi. Babu yake ndiye aliyevuka ziwa kutoka Kongo, na yeye mwenyewe alizaliwa Ujiji, lakini akikasirika Kiswahili chake bado kilinukia ng'ambo.

"Usiku umeme ulikatika. Uliporudi alfajiri, akachomeka simu kwangu sebuleni, maana soketi ya chumbani kwake imeungua. Mara hodi. Akatoka mbio, hata kilemba hajakifunga. Namwuliza wapi, ananijibu, 'Nitarudi jioni, mama, niombee.' Niombee! Mtu anayekwenda pazuri anaombewa nini?"

"Alionekana ana hofu?"

"Alikuwa analia. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Sijui, baba. Sikuwa nimevaa miwani."

Jioni Restituta hakurudi. Mama Mwamvua aliichukua ile simu atafute namba ya ndugu yake yeyote, na kitu cha kwanza kufunguka kilikuwa ujumbe wenye picha ya bastola. Aliufunga, akavaa baibui, akaja polisi. Asubuhi iliyofuata alikuwa sokoni Mwanga na askari wawili, akamtambua kwa urefu na koti mwanamume yuleyule wa alfajiri, akinunua vitu dukani. Akapiga kelele. Wakamkamata.

Urbanus alirudi ofisini na kuiweka simu ya Restituta mezani. Ilikuwa simu ndogo, ya bei ya chini, rangi imebanduka pembeni. Ujumbe ulikuwa wa kawaida, wala haukupitia kwenye intaneti. Mtumaji alihifadhiwa kwa jina la Gideon, na namba ilikuwa ya mtuhumiwa. Hilo halikuwa na ubishi.

Ujumbe wa kwanza ulitumwa Jumanne: "Nimempata." Baada ya neno hilo zilifuata sura tatu za njano, midomo wazi, machozi yakiruka machoni kwa kicheko.

Wa pili ulitumwa Jumatano jioni: "Nakuja kesho asubuhi." Kisha bastola, nyeusi, mdomo wake umeelekea upande wa kushoto. Baada ya bastola palikuwa na kiboksi kitupu, kama dirisha lisilo na kioo. Kisha: "Usimwambie mtu."

Sajenti Nassib alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni. Alikuwa kijana wa Tanga, mchapakazi, na kesi alipenda ziishe mapema.

"Afande, hii mbona iko wazi," alisema. "Jumanne anamwambia amempata mtu, na anacheka. Jumatano anamtishia bastola. Alhamisi anamchukua. Leo tunamkuta na begi lile."

"Bastola yenyewe mmeipata?"

"Hapana. Tumekuta wembe mpya, glavu, kamba, na kipande cha nailoni kinachotosha kulaza mtu."

Urbanus aliiinua simu. Aliitazama tena ile picha.

"Na hiki kiboksi?"

"Hicho si kitu, afande. Simu imeshindwa kusoma."

"Imeshindwa kusoma nini?"

Nassib alinyanyua mabega. "Mlete Gideon," Urbanus alisema.

Gideon aliletwa akiwa na pingu. Alikuwa mrefu, mwenye koti la kijivu lililofifia mabegani, umri wa miaka thelathini hivi. Kabla hajaketi aliangalia ukutani.

"Saa ngapi sasa, mkubwa?"

"Una miadi?" Nassib aliuliza.

"Naomba mniachie niende mahali. Jioni nitarudi mwenyewe. Naapa."

"Restituta yuko wapi?" Urbanus aliuliza.

"Yuko salama."

"Wapi?"

Gideon aliinamisha kichwa.

"Unaishi kambini?"

"Ego. Ndiyo."

"Una kibali cha kutoka?"

Alikitoa kwenye mfuko wa ndani kwa mikono yote miwili. Kilikuwa halali, muda wake haujaisha. Urbanus alikikagua, akakirudisha. Mtu mwenye kibali hakuwa na sababu ya kuogopa swali la kibali, na bado kijasho kilikuwa kimemtoka Gideon usoni pale pale alipoulizwa.

Urbanus aliisukuma simu ya Restituta mbele yake. "Haya maneno ni ya nani?"

Gideon alisoma. "Yangu."

"Yote?"

"Maneno ni yangu." Kisha akasogeza uso karibu na kioo, akakunja ndita. "Lakini hii bunduki si yangu. Hii sikutuma mimi."

Nassib alicheka. "Ujumbe mmoja, namba moja, dakika moja. Maneno yako, bastola ya jirani?"

"Mimi nilituma kitu cha kuchezea. Kidude cha kurushia maji, cha mtoto. Hii sijawahi kuiona!"

"Na hizi sura ulikuwa unamcheka nani?"

"Kucheka?" Gideon alimtazama sajenti kama aliyetukanwa. "Nalia hapo. Si unayaona machozi?"

Nassib aligeuka kumtazama bosi wake, akitarajia watacheka pamoja. Urbanus hakucheka. Mwezi uliopita, kwenye kundi la familia la WhatsApp, shemeji yake wa Songea alipokea taarifa ya msiba kwa kutuma sura zilezile tatu. Watu walimshambulia karibu afukuzwe kwenye kundi, mpaka alipopiga simu kwa kila mmoja kueleza kwamba alidhani yale machozi ni ya kilio.

Lakini kilichomsumbua zaidi ni ile bastola. Mwongo angekana ujumbe wote, au angesema ulikuwa utani. Huyu alikiri kila kitu kilichomweka mahali pabaya, akakana picha moja, na aliikana huku akiishangaa.

"Simu yake iko wapi?" aliuliza.

"Ni kielelezo, afande. Imezima. Ni ile yenye tunda lililong'atwa mgongoni, waya wake hapa kituoni hatuna."

"Wewe mkimbizi umeitoa wapi simu hiyo?" Urbanus alimgeukia Gideon.

"Binamu yangu alipelekwa Kanada. Aliniachia yake ya zamani alipopata nyingine."

"Tafuta waya," Urbanus alimwambia Nassib. "Benki hapo jirani hawakosi."

Karani mmoja wa benki aliwaazima. Simu ilichomekwa, wakasubiri. Gideon aliuliza saa tena. Safari hii Nassib alimjibu.

Simu ilipowaka, Gideon alibonyeza namba zake za siri, pingu zikigonga meza. Urbanus aliufungua ujumbe wa Jumatano na kuziweka simu mbili ubavu kwa ubavu.

Maneno yalikuwa yaleyale. Lakini kwenye simu ya Gideon hapakuwa na bastola. Palikuwa na bunduki ya plastiki ya kijani yenye kifuniko cha rangi ya machungwa, kama zile zinazouzwa sikukuu, watoto wakarushiana maji. Na pale penye kiboksi kitupu alisimama mwanamke, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine juu yake. Tumbo lenyewe lilikuwa kubwa.

Nassib alizisogelea zile simu.

"Amebadilisha," alisema. "Baada ya kutuma."

"Simu iliyozima?" Urbanus alimsogezea ile yenye tunda. "Tujaribu. Tuma picha hizo mbili kwenye simu ya Restituta. Usiongeze kitu."

Nassib alizitafuta zile picha kwenye orodha ya vikatuni, akagusa bunduki ya kijani, akamgusa mwanamke, akatuma. Simu ndogo ilitetemeka mezani. Wote watatu waliinama.

Bastola nyeusi. Kiboksi kitupu.

"Sasa nitumie mimi... hapana, jitumie wewe. Simu yako ni mpya."

Simu ya Nassib ililia mfukoni. Aliitoa, akaitazama, akaiweka kando ya zile mbili. Kwake bastola ilikuwa bastola kweli, ya chuma. Lakini mwanamke alikuwepo, mzima, tumbo mbele.

"Mtu mmoja kasema jambo moja," Urbanus alisema, "na simu tatu zimesikia mambo matatu. Hazitumiani picha, Nassib. Zinatumiana jina la picha, na kila simu inachora ya kwake. Isiyo na mchoro inaweka kiboksi."

Nassib aliziangalia simu, moja baada ya nyingine. Kisha, polepole, alivua kofia.

Urbanus alikuwa amekwisha simama. "Begi."

Begi la vielelezo lililetwa. Alilifungua mwenyewe, akatoa vitu na kuvipanga: wembe kwenye karatasi yake, glavu za hospitali, nailoni iliyokunjwa, bunda la pamba, kipande cha sabuni, khanga mbili mpya.

"Kamba iko wapi?"

"Hiyo hapo, afande."

"Huu ni uzi."

"Nilidhani..."

"Uzi wa kufungia kitovu." Vitu vile Urbanus aliwahi kuvibeba mwenyewe, mara mbili, kutoka duka la dawa hadi wodi ya wazazi, mke wake akitembea mbele amejishika kiuno. Hakuvitambua vilipotajwa kwa mdomo na sajenti. Alivitambua sasa vilipokaa pamoja. Alimgeukia Gideon.

"Nani anajifungua?"

Gideon alifumba macho.

"Nani? Huyu aliyekupa kijasho nilipouliza kibali. Asiye na kibali si wewe, ni yeye."

"Mtamrudisha ng'ambo," Gideon alisema kwa sauti ndogo. "Watu wanasema ukikamatwa nje ya kambi unarudishwa. Mume wake aliuawa kule, mkubwa. Hawezi kurudi."

"Sikuulizi hayo. Nakuuliza ana hali gani."

"Jana alichoka sana, Restituta akashindwa kumwacha, na uchungu umeanza leo alfajiri. Nilikuja kununua vitu hivi na kutafuta gari." Machozi yalimtoka, na safari hii hakuna aliyeuliza yana maana gani. "Ni dada yangu. Elida. Wako Simbo, na Restituta yuko naye. Hakuna mkunga."

Urbanus alikuwa amekwisha mfungua pingu.

Gari la polisi lilitoka na Nassib kwenye usukani. Mama Mwamvua aliachwa kaunta na ahadi ya kupigiwa simu, akagoma kwenda nyumbani. Njiani Gideon alisimulia, akiwa amelikumbatia begi lake.

Kagunga, mwaka ule wa kwanza, watu walikuwa wengi ufukweni kiasi kwamba mtu akiinama kufunga kiatu anapoteza wenzake. Elida alimpoteza bintiye Leonia, wa miaka minne, wakati wa kupanda mitumbwi iliyowapeleka melini. Mama alipelekwa kambi moja, mtoto akashushwa Kigoma peke yake. Elida aliambiwa kuna mtoto alizama. Akaamini. Restituta ndiye aliyemwandikisha Leonia siku ile, na hakuweza kumsahau. Alimtafutia malezi kwa Mzee Selestini na mkewe, wakulima wa Simbo, akawa anamtembelea. Gideon alivuka baadaye na kufika kambi nyingine kabisa. Alimpata mpwa wake kupitia kwa Restituta. Kisha wawili hao wakaanza kumtafuta mama.

"Jumanne nilimpata," Gideon alisema. "Ana mimba. Mume aliuawa alipovuka kwenda kuangalia shamba lao, akamwacha nayo. Nikamwambia mtoto yuko hai. Nikamwambia ngoja tuombe kibali. Hakungoja. Alisema ametembea na tumbo, atatembea tena. Nikaona bora niende naye kuliko aende peke yake."

"Na bunduki ya maji?"

"Leonia aliniomba muda mrefu. Nilitaka Restituta ajue kwamba nakuja na zawadi hiyo ya mtoto na mama yake mjamzito. Maneno mengi niliogopa kuandika. Nikasema picha haziwezi kunisaliti."

Nassib, mbele, alikohoa.

Zahanati ya Simbo ilikuwa na muuguzi mmoja zamu ya mchana, mwanamke wa Machame aitwaye Aikande. Aliliona gari la polisi, akatoka nje akijifuta mikono. Urbanus alimweleza kwa sentensi mbili. Aikande hakuuliza kibali cha mtu. Aliuliza, "Mimba ya ngapi?" na alipojibiwa, akasema, "Ya pili haisubiri," akaingia ndani na kutoka na sanduku lake.

Nyumba ya Mzee Selestini ilikuwa baada ya migomba, njia nyembamba isiyopita gari. Walikwenda kwa miguu, Gideon mbele akikimbia. Mwanamke alitokea mlangoni, khanga imefungwa kifuani, mikono ya blauzi imepandishwa mpaka juu ya viwiko. Urbanus alimjua kwa picha. Ni Restituta.

"Gideon! Umepotelea wapi? Asubuhi yote!" Kisha akaona sare za polisi. Alijisogeza katikati ya mlango, akaweka mkono huu kwenye fremu ya huku na mwingine ya kule. "Hamwingii. Mnisamehe, lakini hamwingii. Akishamaliza, mtanichukua mimi."

"Sijaja kumchukua mtu, dada," Urbanus alisema. "Nimekuja na vitu vyake. Na muuguzi."

Restituta alilitazama begi mikononi mwa Gideon, akamtazama Aikande na sanduku. Mikono ikashuka. Ndani Elida aliita jambo kwa Kirundi, sauti ikapanda, na Aikande akapita haraka. Mlango ukafungwa.

Wanaume walibaki uani. Mzee Selestini aliwaletea viti na maji; mkewe alikuwa ndani na mzazi. Pembeni, mtoto wa kike mwenye gauni la shule alikuwa amechuchumaa, amekumbatia magoti, macho yake mlangoni.

"Leonia," Gideon alimwita. "Njoo."

"Mama anaumwa," mtoto alisema.

"Anaumwa kidogo tu. Ataacha."

"Akipona ataondoka tena?"

Gideon alimtazama Urbanus. Urbanus alitoa simu yake, akasogea kando ya migomba, akapiga. Alizungumza muda mrefu. Ofisa wa kambini aliyepokea alitaka jina, akataka namba ya kadi, akataka kujua nani aliyemruhusu. Urbanus alijibu aliyoyajua. Mwishoni alisema, "Sawa. Barua ya muuguzi nitaileta mwenyewe Jumatatu. Na ya mtoto pia, waandikwe pamoja," akakata.

Alirudi, akachuchumaa mbele ya Leonia. "Akiondoka, mtaondoka wote," alimwambia.

Mtoto alifikiri. "Na Mzee?"

"Mzee atakuja kuwatembelea," alisema Selestini mwenyewe, na akajifanya ana kazi na kamba ya mbuzi.

Sauti iliyotoka ndani baada ya hapo haikuhitaji mkalimani. Ilikuwa nyembamba, yenye hasira, ikakatika, ikarudi kwa nguvu zaidi. Gideon aliketi chini palepale kwenye vumbi. Nassib, aliyekuwa ameegemea ukuta, alijikuta anapiga makofi, akasita, kisha akaendelea.

Restituta alitoka, uso umelowa. "Mvulana," alisema. "Na mama mzima. Wote wazima." Alimtazama Urbanus. "Simu yangu mnayo ninyi, eti?"

"Tunayo. Lakini kwanza mpigie mama mwenye nyumba wako. Yuko kituoni, amekataa hata chai."

Alimpa yake. Iliita mara moja tu. Kutoka pale alipokuwa, bila kuishika simu, Urbanus aliusikia ukelele wa Mama Mwamvua, na shukrani kwa Mungu, na baada ya hapo maneno mengi ya haraka ambayo Restituta aliyapokea ameinamisha kichwa, akicheka na kulia pamoja. "Ndiyo, mama. Sitarudia, mama. Ndiyo. Nitaibeba hata chooni."

Jua lilipoanza kupungua ukali, Aikande alisema mzazi na mtoto walale zahanati usiku ule, awe karibu nao. Walimbeba Elida kwa kiti mpaka barabarani. Alipouona mlango wa gari la polisi umefunguliwa, alimshika kaka yake mkono na kusita.

"Kaa mbele, shemeji," Nassib alimwambia. "Nyuma kunarusha."

Elida alimtazama Restituta, aliyemgeuzia maneno kwa Kirundi. Kisha akapanda, kichanga kifuani, na Leonia akajipenyeza katikati, shavu limegusa mkono wa mama yake. Wengine walijibana nyuma.

Nassib aliwasha gari. Kituoni alijulikana kwa mwendo. Kulikuwa na askari waliokataa kupanda gari lake kwenda Kasulu. Sasa aliingia barabarani kwa gia ya kwanza, akabaki na gia ya kwanza. Kila shimo alilizunguka. Asiloweza kulizunguka alishuka ndani yake taratibu, gurudumu moja moja, akimtazama mtoto.

Nyuma yao kengele ililia. Mzee mmoja mwenye baiskeli, mikungu ya ndizi imejaa kotekote, alilifikia gari la polisi, akalipita, akageuka kulishangaa, akaendelea zake.

Nassib hakubadilisha gia.